Makopa, mbaazi na jeni za mtoto

Jirani yangu hapa Newala, mjamzito wa miezi mitano, alinijia na hofu. Amesikia kwamba mama asipokula vizuri jeni za mwanawe huzimika, na mwezi wa kwanza wa mimba alikuwa akila ugali wa makopa, yaani muhogo uliokaushwa, na kisamvu tu. Amemharibu mtoto?

Wanaosema hivyo wana pa kushikia. Samaki, kuku na binadamu wote wana ukoo mmoja wa vimeng'enya uitwao DNMT. Kazi yake ni kubandika metili, yaani kaboni moja na hidrojeni tatu, kwenye DNA. Jeni iliyobandikwa sana mlangoni mwake kwa kawaida hunyamaza. DNMT3A na DNMT3B huweka alama mpya mtoto anapoanza kuumbika, na DNMT1 huzinakili kila seli inapogawanyika. Mwaka 1992 watafiti walivuruga jeni ya DNMT1 kwa panya, viinitete vikafa tumboni. Metili zenyewe hutokana na chakula: folati, vitamini ya mbaazi, kunde na mboga za majani, na methionini, kijenzi cha protini ya samaki na mayai. Waholanzi waliotungwa mimba katika njaa ya 1944–45 walipopimwa miaka sitini baadaye, alama kwenye jeni yao ya IGF2, inayohusika na ukuaji, zilikuwa pungufu kuliko za ndugu zao.

Huku kwetu kuna la zaidi. Muhogo mchungu usiolowekwa na kuanikwa vya kutosha hubaki na sianidi, na mwili huipunguza makali kwa salfa inayotokana na methionini hiyohiyo. Kwa hiyo simbezi anayeuliza.

Hata hivyo, tofauti ile ya Waholanzi ilikuwa ndogo, na alama pungufu si ugonjwa. Ini huweka akiba ya folati ya miezi kadhaa, na kisamvu nacho kinayo, ingawa kuchemka muda mrefu huipunguza. Kumwambia mama kwamba mwezi mmoja wa makopa umezima jeni za mwanawe ni kumtwisha mzigo ambao ushahidi haujaubeba.

Ushahidi mzito uko kwenye mgongo wazi. Jaribio lililochapishwa 1991 lilihusu wanawake waliokwisha kupata mimba yenye kasoro hiyo au za jamii yake: waliomeza asidi ya foliki, yaani folati ya vidonge, tangu kabla ya kushika mimba walipunguza hatari ya kurudiwa kwa asilimia 72. Mrija wa neva, unaokuja kuwa ubongo na uti wa mgongo, hujifunga kufikia siku ya 28 tangu mimba kutungwa. Jirani yangu alianza kliniki mwezi wa nne. Ndipo alipopewa FEFO, vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki. Aendelee nazo, zinamfaa kwa damu, lakini kwa mgongo zilichelewa.

Wanaotetea unga wa kiwandani uliorutubishwa kwa asidi ya foliki wana hoja nzuri, ila yeye haununui. Juzi nilimkuta mashineni: makopa meupe yanamiminwa juu, unga unatokea chini kwenye ndoo yake, hakuna kilichoongezwa. Kwa mwanamke kama huyu, FEFO ianze siku anapokwenda kutoa kijiti cha uzazi wa mpango kwa sababu anataka mtoto. Muuguzi yupo mbele yake, na kopo la vidonge lipo chumba cha pili.