Mnadani bei huwekwa na mtu wa pili

Anayetaka kunadi vitu vyake mtandaoni kwa mara ya kwanza hujiuliza ni nani atakipenda kitu chake. Swali hilo halitoshi. Mpenzi mmoja, hata awe na pesa za kumwaga, hana wa kushindana naye. Bei hukoma kupanda pale anayemfuata anapochoka, si pale mfuko wake mwenyewe unapokauka.

eBay, inayoendesha minada tangu 1995, imelijenga jambo hili ndani ya mfumo wake. Mnunuzi mmoja akiandika kwamba mwisho wake ni dola 50, na mwenzake akaandika 30, mfumo haumtozi wa kwanza 50. Unampandisha hadi 31, hatua moja juu ya mwenzake, basi. Zile dola 19 zilizosalia ni zake, kwa sababu muuzaji hakumletea mshindani wa kuzitoa. Kwa hiyo karibu kila uamuzi wa muuzaji, kuanzia kitu cha kunadi hadi saa ya kufunga, unafaa kupimwa kwa swali moja: je, utamleta mtu wa pili au utamfukuza?

Simu usiinadi. Bei ya simu iliyotumika inajulikana. Yeyote anaweza kutembea Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya simu hapa Nairobi, na kuuliza maduka matatu kabla ya chakula cha mchana. Anayeshiriki mnada wa simu hutafuta kuinunua chini ya bei ya Luthuli, na ikifika hapo wote wanaacha. Huna cha kupata juu yake, ila una mengi ya kupoteza chini yake. Iweke kwa bei yako kwenye tovuti ya matangazo kama Jiji au PigiaMe, ongeza kidogo kwa ajili ya wale wa "bei ya mwisho ngapi?", yaishe. (Ukiiuza, ondoa kwanza akaunti yako ya Google ndipo ufute kila kitu. Ukifuta bila kuiondoa, simu inaweza kumdai mnunuzi nenosiri lako akiiwasha, na utapigiwa usiku.)

Friji, meko, viti vya plastiki na televisheni ni hivyo hivyo. Vinavyofaa kunadiwa ni vitu ambavyo bei yake haijulikani na vina watu wanaovijua kwa undani: kamera za filamu, saa za mkono za zamani, gitaa, sahani za santuri, cherehani za chuma.

Jambo la pili ni mahali, na hapa watu hudanganywa na ukubwa wa kikundi. Kikundi cha WhatsApp cha mtaa chenye watu mia nane kinaweza kukosa hata wawili wanaotaka cherehani wiki hii. Kikundi cha Facebook cha mafundi wa nguo chenye watu mia moja na hamsini kinao. Kabla ya kunadi, soma yanayoandikwa humo kwa wiki moja. Ukiona watu wanabishana kuhusu sindano na uzi, umefika. Muulize admini kama minada inaruhusiwa. Wengine huitoza ada, wengine huifuta bila neno.

Tuseme ni Singer nyeusi ya kukanyaga kwa miguu, ile yenye maua ya rangi ya dhahabu. Tangazo la "Singer iko sawa, inauzwa" litaletewa maswali tele na dau lisionekane. Anayeijua mashine hii hutafuta namba iliyopigwa chapa kwenye kitako chake cha chuma, upande wa kulia. Kwa nyingi za karne ya 20 namba hiyo hutanguliwa na herufi, na ndiyo inayotumiwa kujua mwaka wa kutengenezwa. Futa vumbi na mafuta yaliyoganda, kisha uipige picha kwa karibu mpaka isomeke. Piga picha mchana karibu na mlango. Taa ya ndani hufanya chuma king'ae na kuficha kutu, na mnunuzi mzoefu akiona mng'ao huo hushuku.

Halafu chukua video ya sekunde 20. Tia uzi mweusi, shona mstari kwenye kitambaa cheupe, kisha geuza kitambaa. Mshono wa juu kila mtu huuonyesha. Wa chini ndio unaosema kama bobini imekaa sawasawa na kama uzi unavutwa inavyopaswa; ukiwa na vifundo na vitanzi, fundi ataviona, na ni afadhali avione kwako kuliko kwake. Mkanda wa ngozi ukiwa umekatika, sema umekatika. Anayeipenda sana mashine atasamehe mengi, lakini mtu wa pili bado anasitasita, na kasoro isiyoelezwa humpa sababu ya kuondoka. Ukishampoteza huyo, bei imelala hapo hapo.

Sasa masharti, ambayo kwa maoni yangu yana kazi kuliko picha zote. Yaandike ndani ya tangazo lenyewe, si kwenye majibu:

"Bei ya kuanzia 4,000. Kila dau lizidi la awali kwa 300 au zaidi. Tunafunga Jumapili saa tatu na nusu usiku. Dau likiingia ndani ya dakika tano za mwisho, tunaongeza dakika tano. Mshindi atume 500 ndani ya saa moja, amalize siku ya kuchukua mzigo. Usafiri ni wa mnunuzi. Dau lililohaririwa halihesabiki."

Bei ya kuanzia iwe ile ambayo ukiuzia hapo hutanung'unika. Wauzaji wa eBay hupenda kuanza chini sana ili kuvuta watu, na huko inawezekana kwa sababu wanunuzi ni wengi. Kwenye kikundi cha watu mia moja utaishia kuuza cherehani kwa bei ya kuku. Kuficha bei ya chini kabisa kisha kutangaza mwishoni kwamba "haijafika" sikubaliani nako hata kidogo. Hapa Nairobi watu huuona kuwa utapeli, na mnada wako unaofuata hautapata mtu.

Kiwango cha kuongeza kiwe kati ya asilimia 5 na 8 ya bei ya kuanzia. Ukidai 1,000 juu ya 4,000, yule wa pili aliyekuwa na 4,600 mkononi umemfungia mlango. Ukiruhusu 20, mchezo utajikokota hadi watu wazime simu.

Dakika tano za nyongeza ni dawa ya wanaovizia. Bila sharti hilo, mtu hutupia dau sekunde ya mwisho na mwenzake aliye tayari kuongeza hapati nafasi. Kuhusu kuhariri: WhatsApp humruhusu mtu kubadilisha ujumbe wake ndani ya dakika 15, na maoni ya Facebook huhaririwa wakati wowote. Facebook ina balaa jingine pia. Huanza kuonyesha maoni inayoyaona ya maana zaidi, kwa hiyo dau la juu laweza kuwa limejificha chini. Waambie wote wabadilishe mpangilio wasome maoni mapya kwanza, na wewe uandike kila nusu saa dau la juu ni lipi.

Saa ya kufunga ina siasa zake. Mwisho wa mwezi ni mzuri, Njaanuari ni kaburi, na wiki ya shule kufunguliwa kila mzazi ana hesabu nyingine. Usifunge wakati Arsenal inacheza.

Wazabuni hewa watakuja. Tuseme Mutua ametoa 5,500 na Wanjiku 6,000. Akatokea jamaa asiye na picha wala jina kamili, akaweka 6,500. Wanjiku akajibu 7,000. Jamaa akasema 7,500, akashinda, akaingia mitini. Wauzaji wengi hapo humgeukia Wanjiku na kumdai zile 7,000. Sidhani ni haki, na Wanjiku pia hatadhani hivyo. Ondoa madau yote ya jamaa: anayebaki kumsukuma Wanjiku ni Mutua, naye aliishia 5,500. Bei halali ya Wanjiku ni 6,000. Mpe kwa hiyo, hadharani, kila mtu aone.

Wale wanaomtuma binamu apandishe bei wajue kwamba eBay inakataza jambo hilo, na kwenye vikundi vyetu linagunduliwa haraka zaidi: namba ile ile hushiriki kila mnada wa muuzaji yule yule, au inashinda, kisha mali inarudi sokoni baada ya wiki mbili.

Malipo. Usikabidhi kitu kwa kuonyeshwa skrinshoti, wala kwa ujumbe ulioingia kwenye simu yako kutoka namba ya kawaida ukijifanya wa M-Pesa. Angalia salio lenyewe kwa programu au kwa *334#. Kumbuka pia kwamba aliyekutumia kwenye namba ya kawaida anaweza kuomba pesa zirudishwe kwa kupeleka ujumbe 456, akidai alikosea namba. Ndiyo maana Pochi la Biashara au till, yaani namba za M-Pesa za biashara, ni salama zaidi kwa muuzaji. Kutuma 7,000 kwenye namba ya kawaida kunamgharimu mtumaji shilingi 78, kwa hiyo andika mapema kwamba ada ni yake, msije mkavutana kwa sababu ya senti hizo.

Makabidhiano yawe mchana, kituo cha mafuta au lango la jengo lenye kamera. Andikianeni karatasi: kitu, namba yake, bei, tarehe, namba za vitambulisho vya wote wawili. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kinamwadhibu anayepokea mali ya wizi akijua au akiwa na sababu ya kuamini kwamba imeibwa, kwa hiyo mnunuzi makini ataitaka karatasi hiyo. Na ukianza kunadi vitu vya wengine kwa kamisheni, tambua kuwa kazi ya udalali wa mnada ina sheria yake ya 1996 na inahitaji leseni.

Kuna vitu ambavyo mtu wake wa pili hayuko Nairobi. Sahani ndogo za benga za miaka ya 1970, za mizunguko 45 kwa dakika, zilizotolewa na wachapishaji wa River Road, hutafutwa na wakusanyaji wa Ulaya, Japani na Marekani. Hizo peleka eBay. Kabla ya kupiga picha hata moja, maliza uthibitisho wa kitambulisho na njia ya kupokea pesa. Muuzaji mpya huwekewa kikomo cha vitu, na malipo yake huweza kuzuiliwa hadi mzigo ufike. Kamisheni hukatwa kwenye jumla yote, nauli ya mzigo ikiwemo. Pima uzito ukiwa umeshafunga, si sahani tupu.

Piga picha lebo zote mbili na namba iliyochorwa kwenye ile sehemu laini kati ya mifereji na lebo. Ukiwa huna uhakika kama hali ya sahani ni VG+ au VG (alama za wakusanyaji, VG+ ikiwa juu ya VG), andika VG. Wakati wa kufunga, toa sahani ndani ya jalada lake la karatasi na uviweke bega kwa bega kati ya kadibodi mbili ngumu. Ikisafiri ndani ya jalada, itatikisika na kulipasua mshono. Mnada unaofungwa Jumapili saa tatu usiku New York unafungwa Jumatatu saa kumi alfajiri hapa, au saa kumi na moja wakati wa baridi kwao. Mnunuzi wa ng'ambo aelezwe mapema kwamba ushuru wa kwao, ukiwapo, ni juu yake; asiyeambiwa hukataa mzigo mlangoni.

Akitokea mtu mmoja tu, huku au kule, mwuzie kwa bei ya kuanzia bila kununa. Asipotokea yeyote, usikirudishe kitu kwenye kikundi hicho hicho kesho yake kwa bei ya chini. Watu watangoja ushuke tena. Tafuta kikundi kingine, au ngoja mwezi upite.