Umeangalia Toleo Lipi?

Kwa miaka mingi nilikuwa na silaha moja tu kwenye mabishano ya filamu, nayo ilinitosha. Mtu akianza kuichambua The Lord of the Rings, zile filamu tatu za pete ya uchawi, mbele yangu, namwacha aongee mpaka akaukiwe mate, kisha namuuliza taratibu, kama daktari anayeuliza maumivu yalianza lini: "Umeangalia toleo lipi?" Akisema la kawaida, lile lililooneshwa kwenye majumba ya sinema, mimi naguna tu. "Ahaa." Mjadala umekwisha. Mtu anabaki anajitazama kama aliyetoka nyumbani bila kufunga zipu.

Sasa siri yangu. Toleo refu, lile lililotoka baadaye kwenye diski likiwa na vipande vilivyokatwa, sikuwahi kuliona. Hata dakika moja.

Nilichokuwa nacho ni miaka ya kusoma ugomvi wa waliowahi kuliona, na nakuhakikishia ukisoma ugomvi wa kutosha unaweza kuishi mjini bila kuangalia filamu yenyewe. Nilijua filamu ya kwanza ilitoka dakika 178 ikafika 208, na ukihesabu majina ya mwisho inagonga 228. Nilijua zote tatu kwa urefu wao zinavuka saa 11. Nilijua Christopher Lee, aliyecheza Saruman, mchawi aliyegeuka mwovu, alichukia alipogundua vipande vyake vimekatwa kwenye filamu ya tatu, akasusia uzinduzi, na mashabiki wakakusanya saini kumtetea, ila kipande kikaja kuonekana kwenye toleo refu la mwaka 2004. Nilijua kuna watu mpaka leo hawajamsamehe Aragorn, shujaa wa upande wa wema, kwa kumkata kichwa mjumbe wa Sauron, adui mkuu, maana hata mtoto anajua mjumbe hauawi. Nilijua wengine wanalia fimbo ya Gandalf, yule mchawi mzee, kuvunjwa na mkuu wa Nazgûl, watumishi wa Sauron, wanasema mzee amedhalilishwa. Yote hayo niliyatoa kwa uchungu wa shahidi aliyekuwepo. Fimbo ikitajwa nilikuwa nafumba macho.

Basi sifa zangu zikafika mbali kuliko nilivyokusudia. Zikamfikia Mjomba.

Huyu ni mjomba wa mke wangu. Ni karani mstaafu, mzee aliyeandika mihtasari ya vikao maisha yake yote, na mpaka leo mkiongea watu watatu sebuleni anahesabu kama akidi imetimia. Alikuja kukaa nasi siku chache, akasema amesikia kuna filamu ndefu sana na kwamba mkwe wake ndiye bingwa wake.

"Nataka ile ndefu, mkwe," akaniambia. "Hii ya kukatwakatwa wape watoto."

Mke wangu akanitazama. Yeye tumeishi naye miaka tisa na hajawahi kuniona nimeshika hata boksi lake.

Nikakimbia kuazima kwa mfanyakazi mwenzangu. Kama hujawahi kuliona, boksi lenyewe linakunjuka kama kitabu, ndani mna diski nne: mbili za filamu na mbili za maelezo ya jinsi ilivyotengenezwa. Mwenzangu ni mtu mzuri lakini diski anazirudisha popote penye tundu. Nami Jumamosi asubuhi, miwani iko chumbani, sebule imejaa, Mjomba ameshakaa kiti cha mbele na miguu ameiweka sawasawa kama anasubiri ufunguzi, nikachomoa iliyokaa tundu la kwanza, nikaisukuma kwenye mashine, nikabonyeza.

Kikatokea kikao.

Watu wamekaa duara kwenye viti virefu, wazee kwa vijana, wengine masikio yamechongoka, wengine wafupi wenye ndevu. Mwenyekiti amesimama anaongea kwa uzito. Mimi toleo la kawaida niliwahi kuliona zamani, na kitu kikanigonga tumboni: hiki ni kikao cha Elrond, mkuu wa wale wenye masikio yaliyochongoka, cha kuamua pete ifanywe nini, na kikao cha Elrond kiko katikati ya filamu. Lakini nikakumbuka kusoma kwamba toleo refu limebadilishwa mwanzo. Na kweli limebadilishwa, sehemu ya kuwaeleza Hobiti, wale watu wadogo, imerefushwa. Nikajipa moyo kwa dakika tano hivi. Baada ya hapo nilikuwa najua kabisa. Lakini ukishayavulia maji nguo sharti uyaoge, na mimi nilishafika shingoni.

Kutoka kona ya chumba nikasikia sauti ndogo. "Anko, una uhakika?"

Ni binti wa shemeji yangu, miaka kumi na nne, amejikunja na simu yake.

"Wewe umeangalia toleo lipi?" nikamuuliza, kwa mazoea.

"Refu."

Kimya.

"Mara ngapi?"

"Sita." Akanitazama, akamtazama Mjomba, akatabasamu tabasamu ambalo sikulipenda. "Lakini endelea tu, Anko."

Na Mjomba, jamani, alikuwa peponi. "Filamu inaanza na kikao!" akasema. "Hawa ni watu wa utaratibu." Akasogeza kiti. Yule Boromir aliposimama kuongea bila kupewa nafasi, Mjomba akabofya ulimi. Gandalf alipotamka yale maneno ya lugha ya giza na mbingu zikatanda (hicho ni kipande cha toleo refu, nilikitambua kwa kukisoma), Elrond akamkemea, Mjomba akatikisa kichwa: "Ameonywa na kiti." Walipoanza kugombana wote kwa pamoja akashika paji la uso. "Ajenda moja! Ajenda moja tu, na mwenyekiti ameshindwa." Na walipojitokeza wale wadogo waliokuwa wamejificha wakisikiliza, akageuka kunitazama kwa mshtuko wa kweli. "Wasiohusika wamo ukumbini, mkwe. Huu uamuzi ni batili."

"Ila hii pete," akaongeza, "imetoka wapi?"

"Utaelewa mbele, Mjomba."

"Na huyu kijana anayeibeba ni nani kwao?"

"Mbele."

Hakuna aliyejua mtu yeyote. Mke wangu alikuwa akinong'ona na kaka yake, wamekubaliana kwamba Frodo, yule mbeba pete, ni mtoto wa Gandalf. Niliwaacha. Hatujamaliza hata kuzoea sura zao, wakaingia mapango ya Moria, likaja lile zimwi la moto, na Gandalf akaporomoka shimoni.

Mjomba alisimama. "Amekufa? Mzee peke yake mwenye akili, amekufa sasa hivi? Filamu yote hii iliyobaki wataishi na nani?"

Sikuwa na jibu. Wakafika kule msituni, wale wenye masikio wakamwimbia marehemu, na Sam, yule mnene mwenye huruma, akasimama kutunga ubeti wa kusifia fataki za Gandalf. Hiki nacho ni kipande cha toleo refu, na kama ningekuwa peke yangu ningelia, maana nilikuwa nimekisubiri miaka kumi.

"Fataki zipi?" akauliza Mjomba.

"Zitakuja."

"Zitakuja vipi na mwenye fataki ameshakufa?"

Kwenye kona, simu ilikuwa inatetemeka mkononi mwa binti. Haikuwa ikiita.

Sitakuchosha na yote. Galadriel, bibi wa msitu ule, akagawa zawadi, Gimli, mmoja wa wale wafupi wenye ndevu, akasimulia jinsi alivyomwomba unywele mmoja akapewa tatu, na Mjomba akasema hiyo ndiyo sehemu bora kuliko zote. Nami namuunga mkono. Aliyeikata kwenye toleo la kawaida ana kesi ya kujibu. Boromir akapigwa mishale. Frodo na Sam wakaondoka na mtumbwi. Wimbo. Majina.

Hapa nikafanya kosa la pili, na hili sina pa kulisingizia. Badala ya kuzima nikasema, kwa sauti ya mjuzi, "Msiinuke. Kuna kitu mwishoni."

Hakuna kitu mwishoni. Kuna majina. Baada ya waigizaji na mafundi yanakuja majina ya wanachama wa klabu ya mashabiki, na hayo peke yake ni kama dakika ishirini. Nilikuwa nayajua kwa takwimu, sikuwa nayajua kwa makalio. Yanapanda, yanapanda, safu baada ya safu, na muziki umeshakosa la kusema unajirudia.

"Hawa wote wameigiza?" akauliza Mjomba dakika ya nne.

"Hapana. Ni mashabiki. Walijiunga na klabu, wakaandikwa."

"Walilipa?"

"Walilipa."

Hapo akatulia, akavaa miwani, akaanza kuyasoma. Orodha ya wanachama hai! Alisoma kwa heshima, midomo ikicheza, mara moja moja akiinua kidole kama anayeweka alama ya vema. Shemeji alisinzia. Mke wangu aliondoka, akarudi, akaondoka tena. Jina la mwisho lilipopita, Mjomba akavua miwani na kusema, "Kumbukumbu nzuri sana." Nadhani ndiye mtu pekee niliyewahi kumwona akiyamaliza kwa hiari.

"Kwa hiyo imeisha?" mke wangu akauliza kutoka mlangoni. "Si ulisema saa tatu na nusu?"

"Bado sehemu ya pili," nikasema, na nikaweka diski ya kwanza.

Ikaanza sauti ya mwanamke gizani, inaeleza pete zilivyotengenezwa, nani alipewa, ile moja kuu ilivyopotea na ilivyopatikana. Mjomba alisikiliza yote mpaka mwisho.

"Hii," akasema, "wangeiweka mwanzoni."

Binti akafunika uso na mto.

Kisha kikaja kijiji cha kijani na jua lake, na barabarani mkokoteni, na juu ya mkokoteni, amekaa, mzima, anaimba, Gandalf.

Mjomba aligeuka polepole sana. "Mkwe."

"Naam."

"Huyu si tumemzika?"

Sebule nzima ilinitazama. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu ilikuwa imeishia pale kwenye zulia. Nikafungua mdomo na likatoka la kwanza lililokuwa karibu.

"Amefufuka, Mjomba."

Kwenye kona kikasikika kikohozi. "Babu," binti akasema, na moyo wangu ukasimama, "hilo ni kweli kabisa. Gandalf anafufuka." Akanigeukia akaongeza kwa sauti ya chini, "Ila ni kwenye filamu ya pili, Anko. Sasa umemharibia."

Kwa hiyo katika siku nzima ya uongo, kitu kimoja cha kweli nilichosema ndicho kilichokuwa kosa.

Lakini fataki zilipopasuka angani, kubwa, ile ya joka, Mjomba alipiga goti lake kofi. "Ndizo hizi! Zile za kwenye ubeti!" Alifurahi kama mtu aliyepata risiti iliyopotea. Na kuanzia hapo kila kitu kikawa hivyo: kidonda cha Frodo, pete, Sam na bustani yake, kila kilichoingia alikuwa anakipokea kama jibu la barua aliyoiandika asubuhi. Sijui nieleze vipi, lakini aliangalia vizuri kuliko mimi.

Karibu na mwisho akatokea Boromir, anashikashika upanga uliovunjika.

"Na huyu wa mishale naye amefufuka," akasema Mjomba, bila hata kuuliza.

"Huyu hapana," nikasema haraka, nikijaribu kuwa mwaminifu.

"Anarudi kidogo kwenye filamu ya pili," akasema binti. "Toleo refu tu. Lakini ni kumbukumbu ya mdogo wake."

Nilisikia wivu, nisiseme uongo. Hicho nilikuwa nakijua, na sikuwahi kupata mahali pa kukisema.

Wote walikuwa wameshakusanyika Rivendell, nyumbani kwa Elrond. Wageni wamefika kutoka kila upande, unaona kabisa wanaelekea kukaa. Picha ikakata. Diski imekwisha.

Kimya kirefu. Nilikuwa nimeshatunga ombi la msamaha lenye aya tatu. Mjomba alikuwa anatazama kioo cheusi, kidole kimoja kinazunguka juu ya goti lake.

"Nimeelewa," akasema. "Imeanza na kikao. Imeishia mlangoni pa kikao kile kile. Ni duara." Akainua kidole. "Ni *pete*, mkwe. Filamu yenyewe wameitengeneza kama pete."

Sikupumua. Nilimtazama binti, mwenye maarifa yote, mwenye uwezo wa kunimaliza kwa sentensi moja. Mdomo ulikuwa wazi. Tabasamu lilikuwa limemtoka.

"Babu," akasema, "mara sita, na sijawahi kuifikiria hivyo."

Mjomba aliondoka Jumatano. Ijumaa jioni simu ikaita.

"Mkwe! Niko hapa na kijana mmoja mbishi. Anadai filamu inaanza na historia ya pete, na kikao eti kiko katikati. Nimemwambia ameangalia ile ya kukatwakatwa. Hebu mwelekeze."

Simu ikapita mkononi. "Shikamoo," ikasema sauti ya mtu mpole, mwenye subira ya kutisha.

"Marahaba," nikasema. Nikameza mate. Nikarudi kwenye silaha yangu ya zamani, maana sikuwa na nyingine. "Umeangalia toleo lipi?"

"Refu. Diski zote nne."

"Haloo?" nikasema. "Haloo? Sikupati vizuri," nikawa narudi nyuma kutoka kwenye simu, sauti naipunguza kidogo kidogo, mpaka mtandao ukakatika wenyewe, kwa kidole gumba changu.