Mtama mchungu na kwelea kwelea: tuuache au tubadilishe?

Kila kwelea kwelea, wale ndege wadogo wala nafaka, wakivamia mashamba mjadala unarudi pale pale, wataalamu wanasema pandeni mtama mweupe usio mchungu ndo wenye soko, wazee nao wanashikilia mchungu wao. Mi naona wazee hawasikilizwi vya kutosha.

Mtama ni mmea wa hapahapa Afrika, umelimwa mashariki mwa Sudan zaidi ya miaka 5,000, na umejifunza kujilinda. Kwangua punje kwa ukucha, ukikuta tabaka jeusi chini ya ganda basi hiyo ina tanini, ndiyo inayoleta uchungu (sio kila mtama mwekundu unayo). Tanini inanasa protini za mate, mdomo unakauka, ndege anaonja anahamia shamba lingine. Tena utafiti uliotoka 2019 ulionyesha jeni inayotengeneza tanini inapunguza pia harufu inayowavuta ndege, kwahiyo mtama usio na tanini ni kama unawaita. Na huku mashariki na kusini mwa Afrika, kwenye kwelea wengi, watu wengi wana ulimi usiousikia sana uchungu huo! Mmea, ndege na mlaji wamezoeana zamani sana.

Ila upande wa pili nao una ukweli. Tanini hiyohiyo inashika protini tumboni, mtoto anashiba ugali ila mwili haupati chote, kuku nao wakilishwa wanadumaa. Viwanda vya bia vinataka mweupe kwa sababu tanini inaharibu kazi ya vimeng'enya vinavyogeuza wanga kuwa sukari. Na kwelea wakikosa mbegu za nyasi wanakula hata huo mchungu, hilo tusifichane.

Lakini nani anahesabu gharama ya mweupe? Punje zikishakuwa na maziwa ni kuamia ndege toka alfajiri mpaka jua lizame, wiki kwa wiki, na wanaowekwa shambani na kombeo mara nyingi ni watoto waliotakiwa wawe darasani. Zikija eropleni za kupuliza fenthion, sumu ya kuulia kwelea, inaua mpaka bundi na tai wanaokula mizoga. Uchungu wenyewe unapunguzika, Kigezi kule Uganda wanaloweka mtama kwenye maji ya jivu halafu wanauotesha kabla ya kusaga, ni ufundi wa siku nyingi.

Kwahiyo karibu na mazalia ya kwelea wakulima waachiwe mchungu wao na wapewe mbegu yake iliyoboreshwa, mweupe upelekwe kusiko na makundi makubwa ya ndege.