Harusi ya mjini, unalipa kwa kichwa na unalipa kwa saa

Imebaki miezi minne niolewe na nyumbani kwetu swali limekuwa moja tu tangu tulivyotangaza, harusi tufanyie mjini ninakoishi na kufanya kazi au turudi kule kwa wazazi ambako uwanja upo, majirani wapo, na hakuna mtu wa kukuzimia taa kwa sababu muda wako umeisha. Mama anataka nyumbani. Mchumba wangu anataka mjini. Mimi nilikaa katikati na daftari langu, kila nikiandika mstari mmoja nabadilisha mawazo. Sasa nimeshaamua ila ngoja niseme nilivyopima, maana naona watu wakibishana hili jambo wanaishia kwenye nani ana hela na nani anajionyesha, na kwa nilivyopitia mimi shida iko kwingine kabisa.

Tuanze na ukumbi maana mjini ukumbi ndio harusi yenyewe. Nilipiga simu sehemu moja nikaambiwa unaingia watu 300, nikafurahi kweli, sisi listi ilikuwa na watu 220. Nikaenda kuuona. Kumbe 300 wanaingia wakikaa kwenye viti vya mistari kama mkutano, wote wanaangalia mbele. Ukishaweka meza hesabu inaporomoka, meza ya duara ya futi 5 inakaa watu 8 kwa raha, ukiwabana 10 viwiko vinagombana, halafu uache njia ya mhudumu kupita na sinia, utoe jukwaa, utoe sehemu ya kucheza, utoe kona ya DJ na maspika yake. Nilizunguka pale nikihesabu hatua huku meneja ananiangalia kama nimechanganyikiwa, mwisho akasema mwenyewe dada kwa meza ni 160, na kama mnataka watu wacheze weka 140. Nikamuuliza sasa hiyo 300 ya kwenye simu ni ya nani? Akacheka tu.

Kutoka 220 kwenda 140 maana yake kuna watu 80 unawafuta kwa mkono wako. Na hapo ndio ubaya wa mjini unapoonekana, kwa sababu unalipia kila kichwa, kiti, sahani, kinywaji, basi jina la mtu linaanza kuwa na bei. Nimejikuta namwangalia rafiki yangu tuliyesoma wote nikijiuliza kama ataleta mtu au atakuja peke yake. Sijipendi nikiwa hivyo.

Lakini upande wa pili ni kwamba ukumbi unakusaidia kukataa. Shangazi akiuliza mbona fulani hana kadi unamjibu shangazi viti vimeisha, na ni kweli vimeisha, hakuna anayechukia kiti. Uwanja wa nyumbani hauna mwisho kwa hiyo hauna kisingizio, ukimwacha mtu ujue umemwacha wewe. Tena kuna mtaalamu wa Uingereza anaitwa Robin Dunbar aliyesema tangu miaka ya 1990 kwamba mtu wa kawaida anaweza kuwa na uhusiano wa kweli na watu kama 150 hivi, wakizidi hapo unakuwa unawajua sura tu. Nilimsomea Mama. Akanijibu mwanangu, huyo hajawahi kuozesha.

Na Mama ana hoja nzito kuliko anavyojua mwenyewe. Mwaka 2014 wachumi wawili wa chuo kikuu cha Emory kule Marekani, Andrew Francis na Hugo Mialon, walitoa utafiti wa watu zaidi ya 3,000 waliowahi kuoa au kuolewa, wakakuta waliotumia hela nyingi kwenye harusi ndio waliokuwa kwenye hatari kubwa zaidi ya kuachana, wakati waliokuwa na wageni wengi hatari yao ilikuwa ndogo. Yaani watu wengi, hela kidogo. Sasa mjini hivyo vitu viwili vimefungwa kamba moja, ukiongeza mtu umeongeza hela, hauwezi kupata kimoja ukaacha kingine. Nyumbani unaweza. Ukichukua ule utafiti kama ulivyo, Mama ameshinda.

Mi siuchukui kama ulivyo, na wenyewe hawakusema kimoja kinasababisha kingine. Mtu mwenye watu wengi pengine alikuwa nao kabla ya harusi na ndio hao hao watakaomshika mkono ndoa ikiyumba, viti vya ukumbini havihusiki. Halafu hii habari ya nyumbani ni rahisi naomba tuiangalie vizuri. Dada yangu aliolewa nyumbani, watu walikuwa wengi, hela ilikuwa kidogo, kila mtu anaisifia ile harusi mpaka leo. Nimerudia kuangalia picha zake zote na Mama yumo kwenye moja tu, yuko pembeni, ameinama, ameshika ndoo. Siku ya harusi ya binti yake wa kwanza! Ile hela tunayosema iliokolewa ililipwa na mgongo wake na migongo ya wadogo zake, wiki nzima, na hakuna aliyeandika hiyo kwenye bajeti. Mjini ninalipa mtu abebe ndoo ili Mama akae mbele. Hapa ndipo mizani yangu ilipolala.

Muda sasa. Ukumbi tuliochukua unatupa saa 6, zikipita unalipa ovataimu, na muziki lazima ushuke saa nne usiku kwa sababu kuna watu wanakaa jirani. Saa 6 zinasikika nyingi mpaka utoe foleni. Jumamosi moja nilichukua gari muda ule ule tuliopanga, kutoka pale tulipotaka kufungia ndoa mpaka ukumbini ni kilomita 9 tu, nilitumia saa 1 na dakika 10, peke yangu, bila gauni, bila msafara. Zidisha na wageni wanaokwenda kwa kuulizana njia uone MC ataanza saa ngapi. Nyumbani ukichelewa sherehe inasogea tu mbele na wewe. Hii pointi nawapa upande wa Mama yote, sina cha kubishana, dawa tuliyopata ni kufanya kila kitu sehemu moja, ndoa bustanini halafu watu wanatembea hatua chache wanaingia ndani, na mahali tulipopaota tangu mwanzo tumepaacha.

Kuhusu gauni sitasema sana. Weupe wenyewe ulishika kasi baada ya Malkia Victoria wa Uingereza kuolewa na gauni jeupe mwaka 1840, kabla ya hapo hata kwao watu walivaa rangi yoyote nzuri waliyokuwa nayo, kwa hiyo mpambaji akiniambia ivory na krimu haziwezi kukaa pamoja namwachia aamue. Nilichogombania ni mkataba. Advansi hairudi, sawa, nimekubali, ila tarehe ikisogezwa kwa sababu isiyo yetu advansi inahama na tarehe, na hilo nimetaka liandikwe, maana wote tuliona mwaka 2020 harusi zilivyoahirishwa na watu wakabaki na risiti mkononi.

Kilichonifanya nitulie ni listi yenyewe. Nilipoandika kila mtu anakaa wapi, kati ya 220 watu 131 wanaishi huku huku mjini. Popote tutakapofanya kuna watu watasafiri, nikaona bora wasafiri wachache. Ila kuna kitu hiyo hesabu haikioni, wale 89 wa nyumbani ndio walionilea, walionifunga nywele, walionikimbiza shule, na wale 131 nusu yao nimewajua kazini miaka mitatu. Nikikata kwa urahisi wa safari nakata haswa wale nisiotaka kukata. Sina jibu zuri la hapo, harusi ya mjini inanyima hicho na mimi nimekubali kunyimwa kiasi.

Juzi usiku Mama kapiga simu, hajabishana tena kuhusu mahali, kanitajia tu majina 11, wote wamama wazee wa pale mtaani, taratibu, moja moja, nikawa naandika. Nikatafuta pa kuwaweka. Meza za ofisini zilikuwa mbili na nusu, imebaki moja, watu 8. Bosi wangu ananiuliza kila asubuhi maandalizi yanaendaje, namwambia yanaenda vizuri, hajui bado kama yumo.