Siku kuni ziliponibeba mimi

Nianze kwa kusema sijavunjika popote, maana kila nikisimulia hii habari mtu anashika kifua anauliza hospitali walisemaje. Hospitali hawajasema kitu kwa sababu sikwenda. Kilichovunjika ni heshima tu na hiyo haifungwi bandeji.

Mi nina miaka 68. Ila kichwani bado nina kama 35 hivi, na balaa lote lilianzia hapo, kichwa kinatoa amri ya mtu wa miaka 35 halafu wanaopokea amri ni magoti ya 68.

Kulikuwa na mkaratusi umeangushwa na upepo nyuma ya shamba, mti mkubwa tu. Akaja kijana mmoja na msumeno wa injini akaukatakata magogo mafupi mafupi ya urefu wa mkono, na mimi nikasimama pembeni namgawia ushauri ambao hakuuomba. Alipomaliza akaniambia mzee, hizi zichanje sasa hivi zikiwa mbichi. Nikamcheka kimoyomoyo. Ukuni mbichi unaweza kuwa nusu ya uzito wake ni maji matupu, sasa nichanje maji ya nini? Nikamwambia kijana wangu, kuni zinaachwa zikauke kwanza. Akanitazama, akasema sawa mzee, ile sawa ya mtu anayejua atakuja kukukumbuka.

Nikaziacha mwaka mzima na ushee.

Sasa mkaratusi si mti wa kuusubiri jamani. Nyuzi zake nyingi hazijanyooka, zimejisokota, hii inakwenda huku ile inakwenda kule, zikiwa mbichi shoka linapita lakini zikishakauka zinashikana hapo utadhani umepiga reli. Kukausha ni kweli lazima, ukuni wa kuwaka vizuri bila kukutoa machozi maji yake yanatakiwa yawe chini ya asilimia 20 hivi, na ukigonganisha viwili vinalia ko! badala ya du. Lakini unachanja KWANZA ndo unakausha, tena zikishachanjwa zinakauka upesi kwa sababu upepo unaingia mpaka ndani, maana gome ndilo linalofungia maji. Yule kijana alikuwa sahihi. Naomba tu asikutane na haya maandishi.

Basi Alhamisi asubuhi nikamwambia mke wangu naenda kuchanja kuni. Akasema subiri Jumamosi vijana wanakuja. Nikasema vijana gani, hawa wa kushika simu? Akasema baba, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu mkuu si ndo mimi, sasa nimsikie nani? Nikacheka mwenyewe, yeye hakucheka, nikaondoka.

Shoka langu lilikuwa linacheza kwenye mpini. Kuna dawa ya zamani, unalitumbukiza kwenye ndoo ya maji usiku kucha, mti unavimba, shoka linakaza kabisa. Nikafanya hivyo. Na inafanya kazi kweli, kwa asubuhi moja. Jua likishapanda mpini unakauka unasinyaa unakuwa mwembamba kuliko ulivyokuwa jana, kwa hiyo dawa ya kweli ni kugongea kabari pale juu, kitu ambacho nakijua, nimewafundisha watu, na nimewahi kumsema mtu mzima mwenzangu mbele za watu kwa kutofanya hivyo.

Gogo la kwanza nikalipiga katikati kwa mbwembwe zote. Ngaaa! Shoka likarudi juu lenyewe kama limefukuzwa, mtetemo ukapita mikononi ukaja kunitembelea mpaka kwenye jino langu moja la nyuma ambalo nilikuwa nimeshalisahau. Nikatulia nikawaza. Gogo gumu halipigwi katikati, unalila pembeni, unatoa vipande kwa kuzunguka mzingo mpaka unafika moyo wenyewe, na unakwepa palipotoka tawi maana fundo la tawi linameza shoka halitemi. Nikaanza hivyo na kweli zikaanza kukubali, moja, mbili, nazirundika nyuma yangu, jasho linatoka, nikawa najisikia kijana, nikavua na kofia. Hapo ndo ningeacha.

Nilikuwa na vipande 14. Nikanyanyua kwa ajili ya cha 15, shoka lipo juu kabisa ya kichwa, nikasikia mpini umekuwa mwepesi ghafla. Sasa wepesi wa ghafla kwenye shoka ni habari mbaya sana. Nikasikia fyuuu, halafu kimya. Hakuna kishindo, hakuna chochote. Nikaachia mpini nikafunika kichwa kwa mikono miwili nikasimama vile vile macho nimefumba nasubiri lishuke, nadhani nilisimama dakika nzima kama mtu aliyeambiwa mikono juu. Halikushuka. Nikaenda kulitafuta vichakani mbele huko, nusu saa nzima nainama nainuka, wapi. Wahenga wamesema shoka lisilo mpini halichanji kuni, ila mpini usio shoka hawakuuzungumzia, nadhani hawakuwahi kumwona mtu wa hivyo.

Nikasema isiwe tabu, hizi 14 nazipeleka nyumbani ili angalau nionekane nilikuwa na shughuli.

Toroli lipo. Ila tairi lilikuwa halina upepo, pampu ipo stoo, na stoo kutoka pale ni mwendo wa dakika tano tu. Nataka muelewe kwamba kila kitu kinachofuata hapa kimetokana na uvivu wa hizo dakika tano. Nikaona 14 ni nini bwana, nitazibeba mgongoni. Nikafunga tita zuri, nikatengeneza vitanzi viwili vya kamba nipitishe mabega kama begi la shule, halafu kwa akili nyingi nikachukua kamba nyingine nikaikatisha kifuani ili vitanzi visiteleze, nikapiga fundo langu la siku zote, lile linalokaza kadiri linavyovutwa. Nilikuwa nimekaa chini, mgongo nimeuegemeza kwenye tita, tita limeegemea kisiki. Kila kitu kimekaa sawa, kilichobaki ni kusimama tu.

Moja, mbili, tatu, hop! Makalio yakanyanyuka kama unene wa daftari. Yakarudi.

Nikapumua. Nikajaribu tena. Unene wa daftari, tena lile la kurasa chache.

Sasa huwezi kujua namna misuli ya mapaja inavyokutoroka, haiagi, inapungua kidogo kidogo miaka na miaka na wewe kwenye kiti unasimama vizuri tu kwa sababu kiti kina mikono ya kujisukumia. Ardhi haina mikono. Nikasema nitumie akili, nitajibembeza, mbele nyuma mbele nyuma mpaka mwendo uninyanyue wenyewe. Mbele ikaenda vizuri. Nyuma ikaenda vizuri kupita kiasi. Tita likateleza kwenye kisiki, likaanguka kwa mgongo na mimi nikaenda nalo maana tulikuwa tumefungwa pamoja, puu! Nikajikuta nimelala chali juu ya kuni, uso mbinguni, miguu juu, mikono inapapasa hewa.

Kobe. Yaani kobe aliyepinduliwa, hakuna neno lingine.

Nikajaribu kugeuka kulia, vipande vinanichoma mbavu, kushoto kuna kisiki. Nikasema nifungue fundo la kifuani. Lilikuwa limekaza limekuwa dogo kama punje. Ili lilegee inabidi kamba ilegee, ili kamba ilegee inabidi mimi ninyanyuke, na ili ninyanyuke inabidi fundo lilegee. Hapo ndo nikapiga hesabu ambayo nilitakiwa kuipiga nikiwa nimesimama, kwamba ukuni mmoja wa mkaratusi ule mnene ni kama kilo tatu, mara 14, ni kilo 42. Nilikuwa nataka kusimama kutoka chini na kilo 42. Hata yule wa miaka 35 aliyeko kichwani alinyamaza.

Simu ikalia. Ipo mfuko wa shati, kamba imeipandisha juu imechomoza karibu na shingo, lakini mikono ilivyobanwa na vile vitanzi vidole vinaishia katikati ya njia. Ikalia ikakata, ikalia tena, najua ni mke wangu kwa mlio. Mara ya tatu nikainamisha kichwa nikaipokea kwa kidevu. Kweli kabisa, ukikitelezesha kidevu taratibu simu inakubali.

"Uko wapi?"

"Nipo huku, nimejipumzisha kidogo."

"Mbona sauti kama iko mbali?"

"Upepo."

"Na kuni?"

"Ninazo hapa hapa."

Hakuna uongo hata mmoja pale, hebu rudini msome tena. Akakata. Na hapo ndo wakaja sisimizi. Si unajua kuni zikilala chini mwaka mzima haziwi zako peke yako tena, zina wenyewe, na wenyewe walikuwa wamevumilia kuchanjwa, wamevumilia kufungwa, lakini kulaliwa wakaona hapana. Akaanza mmoja shingoni, anatembea polepole kama anapima kiwanja. Halafu akaita wenzake.

Sijui nilikaa muda gani, nusu saa labda. Niliimba kidogo. Nikawaza kupiga kelele nikaona bora nife kuliko majirani wanikute hivi, baada ya sisimizi wa kumi nikabadili mawazo nikapiga kelele, lakini akatokea mjukuu wangu wa miaka tisa, katumwa na bibi yake. Akasimama miguuni kwangu akanitazama. Mtoto ana adabu lakini, lazima nimsifu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba."

Kimya.

"Babu unafanya nini?"

"Naangalia mawingu."

Akatazama juu. Hakukuwa na wingu hata moja. Akazunguka kichwani, akanivuta mabega, nikasogea mimi na tita zima kama sentimita mbili, akaacha. Nikamwambia fungua hilo fundo la kifuani. Akainama akaliangalia kwa makini, akalipapasa, halafu akasema kwa huzuni kabisa, "Babu, hili si lile ulilonifundisha? Ulisema hili halifunguki."

Nilikuwa nimesema hivyo. Tena kwa majivuno.

Nikamtuma kisu, nikamwapisha asimwambie bibi yake, akaapa. Na hakumwambia, mtoto mwaminifu yule. Aliingia jikoni akachukua kisu, bibi akamuuliza cha nini, akajibu, "Babu kasema nisiseme."

Kwa hiyo alipokuja mke wangu nilimsikia kabla sijamwona, kwa sababu alikuwa anasukuma toroli. Limejazwa upepo. Wameshalijaza na pampu ile ile, hata jasho hana. Nilitegemea acheke, nilikuwa nimejiandaa kwa kicheko, hakucheka. Alinizunguka mara moja, polepole, mikono nyuma, kama mtu anayekagua gari la kununua ambalo ameshaamua hanunui. Akasema, "Sasa baba, wewe ndo umebeba kuni au kuni ndo zimekubeba wewe?"

Sikujibu. Sisimizi mmoja alikuwa amefika sikioni na nilikuwa nampa nafasi amalize.

Akakata kamba. Nikabingirika pembeni kama gunia, nikabaki nimepiga magoti na mikono chini, napumua. Tita likafunguka nyuma yangu, vipande vikasambaa, halafu nikasikia mlio wa chuma kikigonga jiwe, nge! Tukageuka wote watatu. Shoka. Lile shoka lililoruka! Halikwenda mbele hata hatua moja, lilichomoka likarudi nyuma kwenye rundo, likajibana katikati ya kuni, na mimi nikalikumbatia pamoja nazo nikalifunga na kulibeba, baada ya kulitafuta nusu saa vichakani.

Basi nikaona hapa hapa pa kujiokoa. Nikasimama kwa kushika kisiki, nikajikung'uta, nikasema kwa sauti ya mwenye nyumba, "Mnaona? Ndo maana lilikataa kunyanyuka. Humu ndani kulikuwa na chuma."

Mke wangu akaliokota kwa mkono mmoja. Akalipima pima hewani, kilo mbili labda. Akaliweka kwenye toroli, akapanga kuni juu yake yeye na mjukuu, hata hazikuchukua dakika tatu, na akaziweka zile nzito mbele karibu na tairi kama inavyotakiwa ili mikono isielemewe. Halafu akanitazama nilivyosimama nimeshikilia kisiki, magoti yanatetemeka kama ndama wa jana, akasogeza kuni kidogo pakabaki nafasi.

"Na wewe panda."

Kama nilipanda au sikupanda hiyo ni siri. Mnaweza kumuuliza mjukuu, lakini mi nilishamlipa.