Shikamoo ya Elfu Ishirini

Mgongo hauna itikadi. Ukiamua kukamata, unakamata tu, hata kama umeinama kuokota shilingi mia. Wangu ulinikamata soko la Memorial wakati nashusha robota la mitumba, nikabaki nimeinama vilevile kama mtu anayemsalimia mkwe. Wateja wakadhani nachambua viatu, wakaanza kuniuliza bei.

Siku hiyo ndiyo nilijua Moshi nzima ni madaktari. Mama wa maparachichi akasema figo. Konda wa kifodi akasema gesi. Na kila mmoja ana hospitali anayoitetea kwa mishipa ya shingo, ama ya serikali ama ya kulipia.

Pale kijiweni kwetu Pasua, kwenye drafti, ubishi huu haujawahi kuisha. Unaahirishwa tu giza likiingia. Upande wa serikali tunaye mwalimu mstaafu. Huyo anaanzia Azimio la Arusha, na akishaanzia huko ujue chai umeikosa. Anapita 1977, serikali ilipopiga marufuku hospitali za kutafuta faida, zikabaki za kwake na za dini. Hapo anapiga meza. Akifika 1991, zilipofunguliwa tena, sauti inashuka. Akifika 1993, tulipoanza kuambiwa tuchangie gharama, anaomba maji ya kunywa. Ukimuuliza yeye anatibiwa wapi, anasema mwanawe ana bima ya kazini, humpeleka sehemu moja tulivu hivi, ina zulia.

Upande wa pili yuko Mangi wa duka la vipuri. Kwake kila kitu cha bure kina kutu. Mama yake alilazwa hospitali moja ya kulipia, chumba cha peke yake, runinga ukutani, supu inaletwa na kifuniko. Alipozidiwa, usiku wa manane wakampa rufaa kwenda ya serikali, na bili wakampa Mangi. Bado anawasifia. Anasema gari la wagonjwa lilikuwa safi.

Ubishi ukipamba moto lazima mtu aulize: "Na KCMC je?" Hapo kila mtu anasogeza kete bila kufikiri. Hospitali imefunguliwa 1971, mwenyewe ni Shirika la Msamaria Mwema la watu wa makanisa, serikali ina watumishi wake mle, na ndiyo rufaa ya kanda, wagonjwa wanatoka mpaka Tanga na Manyara. Sasa hiyo uiweke upande gani? Hospitali kubwa kuliko zote mjini kwetu haiingii kwenye ubishi wetu, lakini ubishi hatuuachi.

Basi nikaanza na ya serikali. Siitaji, mke wangu hujifungulia pale.

Getini kuna mlinzi. Huyu ndiye daktari wa kwanza. Anakuuliza unaumwa nini, tangu lini, na choo unapata? Mbele ya watu wote. Nikajieleza. Akasema, "Mgongo? Pita kushoto." Kufungua faili ni dirisha hili, namba ya malipo ni dirisha lile, na kwa kuwa kwenye simu sikuwa na salio ikabidi nitoke nje kwa wakala. Kurudi ndani napita tena kwa mlinzi, ananiuliza naumwa nini. Nilipofika dirishani mtandao ukakata. Mtandao wa nchi hii haukati mtu akiangalia mpira. Unamsubiri ashike risiti ya maabara.

Benchi nalo lina sheria zake. Nikaambiwa nipo nyuma ya dada mwenye kanga ya njano. Dada akaenda kutafuta chapati, foleni nzima ikabaki haijui mbele wala nyuma. Ukutani pamebandikwa "Mzee kwanza, mpishe apate huduma." Muuguzi mmoja akanitazama upara, akanionea huruma: "Mzee wangu, dirisha lenu lile pale." Nina miaka 46! Heshima na mgongo vikapigana ndani yangu pale pale, mgongo ukashinda. Nikaenda, nikatia na kikohozi kidogo. Karani akaomba kitambulisho cha NIDA. Wale wenye 60 zao halali walinisindikiza kwa macho mpaka nikakaa tena kwenye benchi, safari hii nyuma ya mtu nisiyemjua kabisa.

Daktari ni kijana, rika la mdogo wangu wa mwisho. Nikampa shikamoo. Sikupanga, ilitoka yenyewe. Mtu akishika kalamu ya kukuandikia dawa unamwamkia tu. Akaitikia marahaba bila kuinua kichwa. Akaandika, akaandika, akasema: "Usibebe vitu vizito." Nikamwambia nauza mitumba. "Basi usibebe vingi." Dirisha la dawa wakasema moja ipo, mbili sina budi nikanunue nje. Na nje kuna duka la dawa limetazamana na geti, halijawahi kupungukiwa kitu tangu lifunguliwe. Mwenye lile duka ndiye mtu pekee mjini anayeombea mjadala huu usiishe.

Jioni mke wangu akasema twende sasa mahali tutakaposikilizwa.

Mapokezi kiyoyozi, maji ya baridi na ya moto, unachagua. Dada akatabasamu: "Karibu mpendwa. Keshi au bima?" Unaumwa nini itakuja baadaye. Nikasema keshi, tabasamu likaongezeka. Kumuona daktari 20,000. Halafu vipimo: malaria, taifodi, UTI, choo. Nikasema dada, ni mgongo. "Tunaangalia vyote, baba." Malaria, Moshi! Mkoa wetu wa Kilimanjaro takwimu za wizara zinauweka chini ya asilimia 1 ya maambukizi, mbu wenyewe wanatetemeka kwa upepo wa mlimani. Majibu yakaja: malaria hakuna, taifodi "kwa mbali", UTI ipo. Ukiingia zahanati ya kulipia ukatoka bila UTI, jua walikusahau.

Nikafungua mlango wa daktari. Yuleyule.

Yuleyule wa asubuhi! Koti limepigwa pasi na kichwa kimeinuka. "Shikamoo meku! Pole sana. Kaa taratibu. Nyumbani hawajambo?" Nikageuka kumtafuta huyo meku, yaani mzee kwa Kichaga, aliyeingia nyuma yangu. Hakunikumbuka hata kidogo, na atanikumbukaje wakati asubuhi aliona utosi wangu tu? Akanibonyeza mgongo, akaniuliza watoto wanasoma wapi, akaniandikia dawa zilezile kwa mwandiko uleule mbaya. "Na vitu vizito, meku, punguza."

Simlaumu. Asubuhi alikuwa peke yake na benchi limejaa mpaka uani. Jioni tulikuwa watatu, na mmoja alikuwa fundi wa kiyoyozi. Hata mimi siku wateja ni wachache nawaamkia mpaka watoto wao. Mimi ugomvi wangu ni bei. Ugonjwa uleule, dawa zilezile, daktari yuleyule, maana yake elfu ishirini yangu nzima imekwenda kwenye shikamoo. Nayo shikamoo haiagizwi Bohari ya Dawa. Haina tarehe ya kuisha muda, haihitaji jokofu. Wangeigawa asubuhi kule kwenye benchi nisingekuwa na la kusema, labda la mlinzi.

Mwalimu akanishauri nikate bima. Bima gani? Nina shemeji mwalimu wa sekondari, anakatwa asilimia 3 ya mshahara, mwajiri anaweka 3 nyingine. Kadi yake ya NHIF, ule mfuko wa taifa wa bima ya afya, alikuwa anatembea nayo mfuko wa shati, ionekane. Machi 2024 NHIF ikaleta kitita kipya cha bei inazozilipa hospitali, hospitali kadhaa za binafsi zikakikataa, zikasema wenye kadi wasije. Shemeji akafika mapokezi, akaulizwa keshi au bima, akasema bima, tabasamu likazimika. Akaja kwangu kuazima. Nilimpa, na sikumkumbusha ile hotuba yake ya Krismasi kuhusu watu wasiojipanga.

Sisi tusio na kadi tuna kikundi cha WhatsApp. Harusi ya Kibosho tunachanga mamilioni, kamati inakutana mara kwa mara, mbuzi wanajadiliwa mmoja mmoja. Mtu akilazwa tunatuma 5,000 na vile vikono viwili vya kuomba. Nilitangaza mgongo wangu pale. Nimepokea vikono vingi.

Baadaye mwenyekiti wa mtaa akaja na habari za CHF iliyoboreshwa, bima ya afya ya jamii, wakati huo 30,000 kwa mwaka, kaya nzima, mwisho watu 6. Nikafurahi mpaka kiuno kikalegea. Kwetu tuko 7, watoto wanne, mama mkwe, mke wangu na mimi. Mke wangu akajaza fomu, akaipeleka mwenyewe. Nimeona nakala. Mama mkwe yumo, tena jina la kwanza. Nikamkumbusha taratibu kwamba mama ana miaka 71, ana dirisha lake la wazee. Akasema hata mimi nimeshalizoea hilo dirisha. Halafu, eti, sheria ya bima ya afya kwa wote Bunge lilishaipitisha tangu 2023, kwa hiyo mimi nitulie, nisubiri hiyo ya wote.