Punda Hana Namba ya Siri

Tangu asubuhi bega la kulia linaniuma, na si kwa kazi. Kazi yangu cherehani, na cherehani huumiza miguu. Bega limeumia kwa kuinua simu juu kama mtu anayeomba mvua, katikati ya kichochoro cha Mkomani, hapa Lamu, mbele yangu punda, nyuma yangu punda, na madirisha ya ghorofani yote wazi watu wapate kuona.

Mkosi huu kauleta mpwa wangu. Kaja likizo kutoka Mombasa, anasomea mambo ya fedha, na tangu juzi pale uwanjani Mkunguni hatujanywa kahawa kwa amani. "Mjomba, hizi noti zina mwisho. Serikali dunia nzima zinafikiria pesa za kidijitali." Nikamwambia mwanangu, pesa ya simu tunayo tangu 2007, wewe ukitambaa. Akanicheka kwa adabu, kile kicheko cha waliosoma. Ati ile ni ya kampuni, na shilingi zenyewe zimelazwa benki. Hii nyingine ingetoka Benki Kuu moja kwa moja, sawa na noti, ila haishikiki. "Hata hiyo noti, mjomba, ni deni la Benki Kuu kwako."

Nikaitoa hamsini yangu mfukoni nikaitazama upya. Kumbe miaka yote hii naidai Benki Kuu, na bado ndiye mimi ninayezunguka njia ya nyuma nisionane na muuza duka.

Wenzetu wa Bahamas, watu wa visiwani kama sisi, walitangulia 2020, na pesa yao wakaiita Sand Dollar, yaani dola ya mchanga. Kama ni mchanga, Shela pale kwenye vilima vya mchanga hakuna maskini. Nigeria wakatoa eNaira Oktoba 2021, wananchi wengi wakaipita kama hawakuiona. Kwetu, Februari 2022, Benki Kuu ilitoa waraka ikiuliza watu maoni. Mimi sikuulizwa, labda walipiga simu mtandao ukiwa umekwenda. Juni 2023 wakasema kwa sasa si jambo la haraka. "Basi tunagombana nini?" akauliza mzee mmoja, lakini kahawa ilikuwa ingalipo kwenye dele, tukaendelea.

Kilichonikosesha usingizi ni Wachina. Mpwa anasema mji wa Shenzhen, Oktoba 2020, watu walipewa kwa bahati nasibu yuani 200 za kidijitali kila mmoja, na usipozitumia kwa siku chache zinarudi zilikotoka. Pesa inayooza! Kama samaki changu asiye na barafu! Na ni China hiyohiyo iliyotuachia sarafu ya mfalme Yongle hapo Manda, kisiwa cha jirani, ina tundu la mraba katikati, wachimbuaji wakaiokota 2013. Miaka mia sita mchangani na bado ni sarafu. Simu yangu iliangukia kwenye ndoo ya kutawadhia kwa muda wa kusema "lahaula", na hadi leo herufi ya M haibonyezeki.

Haya, sasa leo asubuhi. Nilikuwa na mzigo gatini: mabelo mawili ya unga wa ngano na kikapu cha maembe, mke wangu ana shughuli Ijumaa. Nikamchukua kijana mwenye punda, tukapatana mia tatu mpaka mlangoni. Tukafika salama. Nikatoa elfu.

"Ami, elfu hiyo nitaivunja wapi saa hizi?"

"Basi njoo jioni."

"Tajiri wangu hataki deni. Mtumie kwa simu tu, namba yake hii."

Nikasema sawa, mimi si mtu wa zamani. Nikatoa simu. Hakuna mtandao. Nyumba zetu hizi ni za matumbawe, kuta unene wa dhiraa. Wazee walizijenga kuzuia jua, na mtandao wakauzuia vilevile kabla haujazaliwa. Nikainua mkono. Hakuna. Nikapanda baraza la mlangoni. Hakuna. Wakati huo nyuma ya punda wetu kukafika punda mwingine, huyu na mchanga wa ujenzi, na mwenyewe anapiga kelele "Simila! Simila!" kana kwamba sisi tumesimama pale kwa raha. Upande wa pili akatokea mama mmoja na sinia la mahamri kichwani. Na kichochoro chetu, mnakijua, punda wawili hawapishani hata kama wamefunga.

"Elekea Manda!" akaniambia bibi mmoja kutoka dirishani.

Nikaelekea Manda.

"Si huko, elekea Mokowe, mnara uko bara!"

Nikaelekea Mokowe. Mzungu mmoja aliyekuja nyuma ya mchanga akaona huu ni utamaduni, akanipiga picha. Nikavuta kanzu, nikanyoosha kofia, maana kama nitaonekana Ulaya nionekane mtu wa heshima. Mkono mmoja juu.

Ndipo kitoto cha jirani, hata meno ya mbele hakina, kikasema: "Ami, umeweka kile kidege."

Kweli. Niliiweka kwenye kidege tangu alfajiri, msikitini, isije ikalia. Nikakikazia macho kile kitoto nikasema najua, nilikuwa naipumzisha betri. Nikaondoa kidege. Mtandao ukaja, vijiti viwili. Watu wakashusha pumzi. Nikaandika namba, nikaandika mia tatu, nikaandika namba ya siri huku nimeifunika kwa kofia kwa sababu madirisha yale yana macho, nikabonyeza. Ujumbe ukaja. Pesa zimeingia kwa mtu ambaye jina lake sijapata kulisikia kuanzia Kiunga mpaka Vanga.

"Huyu si tajiri," akasema kijana.

Namba ya mwisho ilikuwa saba, nimeandika moja. Nikampigia huyo mtu. Akapokea kwa sauti nzuri kabisa. Nikamweleza: ndugu yangu, nimekosea, nina punda hapa. Akasema, "Asante sana, ubarikiwe," akakata. Nikapiga tena, imezimwa. Nikapiga huko kwa wahudumu wa simu, nikawekewa muziki. Nikasikiliza muziki. Punda alikuwa ametia mdomo kwenye kikapu na anatafuna embe pole pole, maji yanamtiririka kidevuni, macho ameyafumba nusu. Mwenye mchanga akasema mchanga unadaiwa kwa saa. Mama wa mahamri akasema mahamri yanapoa. Bibi wa dirishani akasema zima uwashe.

Nikapandwa. Jamani! Nina elfu nzima mkononi! Nilikuwa na mia tano na kitu ndani ya simu! Benki Kuu yenyewe naidai! Na siwezi kumlipa punda! Mtu mzima, nywele nyeupe, nimesimama mlangoni kwangu kama mwizi wa kuku, nasikiliza muziki! Nyinyi mnaotaka kuondoa noti mmewahi kupita Mkomani? Mmewahi kuona stima inakatika saa moja usiku inarudi keshokutwa, pesa zako zote zimekaa ndani ya kidude kilichozima? Sauti ilipanda hata punda akaacha embe.

Kimya kikaingia. Mama wa mahamri akatua sinia lake juu ya belo la unga, akavuta pindo la leso, akafungua fundo kwa meno. Mlikuwa na noti zilizokunjwa ndogo kama hirizi. Akatoa mia, na mia, na mia, kila moja akiinyoosha pajani. Akampa kijana. Kijana akambusu mkono, punda akageuzwa, mchanga ukapita, Mzungu akapita, madirisha yakafungwa. Jambo la nusu saa likaisha kabla wahudumu hawajapokea simu.

"Utanirejeshea baba," akaniambia. "Lakini usiniletee elfu, sina chenji."

Mpwa nilipomsimulia akasema hilo si kosa la pesa, ni langu. Ati hata hiyo ya Benki Kuu wataalamu wanaitafutia njia ya kulipana bila mtandao. Nikamuuliza: na serikali itaona kila ninachonunua? Akasema inategemea itakavyoundwa. Mimi serikali sina neno nayo, ione tu uzi na vifungo. Ninayemwogopa yuko jikoni.

Na hapo ndipo siwezi kubishana sana, kwa kuwa noti nazo zimenifanyia kisa. Nilikuwa na ngiri saba, noti za elfu elfu, nimezificha kwenye saraka ya cherehani chini ya bobini, za dharura. Dharura yangu, si ya nyumba. Tarehe 1 Juni 2019 gavana wa Benki Kuu akatangaza noti za elfu za zamani mwisho wake 30 Septemba. Nikatangaziwa redioni, nikatangaziwa barazani, nikawaeleza na wateja kwa kirefu, tena kwa hekima. Zangu nikazisahau. Novemba tunasogeza cherehani tufagie, saraka ikaanguka, zikamwagika miguuni kwa mke wangu, saba, safi, zimekufa. Hakusema kitu siku nzima. Usiku akaniuliza kama tuzisomee hitima au tuzike tu.

Bado ninazo.

Sasa tangu adhuhuri nazunguka na hii elfu. Duka la kwanza hakuna chenji, nikanunua kiberiti nikidhani watalegea. Wakaniambia nitume kwa simu. La pili nikachukua wembe na pipi za mia mbili, wakanirudishia mia nane: tano moja, mbili moja, na mia moja, hiyo mia imepasuka katikati na kubandikwa gundi ya karatasi, naye mama wa mahamri macho yake si ya kubandikiwa. Ya mia mbili nikiitoa inataka ya mia iifuate. Muuza kahawa ananitazama tangu mbali, anajua nitamwomba avunje tano kwa kikombe cha kumi, ameanza kufunika dele. Na pipi hizi, mimi meno yangu matatu, sijui nampa nani, labda kile kitoto, ila kile kina ulimi. Kikapuni maembe yalikuwa ishirini. Mke wangu kahesabu kumi na saba, na punda nilimwona akila moja tu.